Masikio yanapiga filimbi siku ya tano: jibu kwa mdogo wangu wa gitaa la solo

Kwanza niwatoe wasiwasi wote mnaoniulizia. Sijaokoka, sina kisukari, sijagombana na mtu kwenye bendi na wala sijahamia Ulaya. Hii miezi mitano ambayo hamjaniona jukwaani nilikuwa nyumbani nauguza masikio, basi. Bendi ipo, vijana wanaendelea kupiga, nafasi yangu kashika kijana mmoja ana vidole vya moto kweli, na siku nikirudi sijui kama atakubali kuniachia, tutaona hapo hapo. Kuna mmoja kaandika eti mzee kachoka rock anataka kuhamia taarabu. Taarabu ni muziki mgumu bwana, ningekuwa naiweza ningeshaenda zamani.

Nilikuwa nataka nijibu maswali yenu yote kwa mpigo, yale ya gitaa gani natumia, nyuzi namba ngapi (namba 10, nimeshasema mara mia), lakini kuna moja limenikaa kooni na naona nilijibu hilo peke yake maana ndo hilo hilo lililonikalisha nyumbani. Kaandika kijana wa Arusha, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo mzee. Mi napiga solo kwenye bendi yetu ya rock, tupo wanne, mazoezi tunafanyia kwenye stoo ya baba yake mpiga drams. Jumamosi tulipiga shoo masaa matatu, nilisimama karibu na drams, zilikuwa mkono wangu wa kushoto. Tangu usiku ule sikio la kushoto linapiga filimbi, la kulia kidogo tu, leo siku ya tano. Mchana na kelele za mtaa nasahau ila usiku ni balaa. Wenzangu wananicheka, wanasema huo ndo ubatizo wa rock, kila mpiga gitaa anao. Ni kweli ni kawaida? Itaondoka? Na wewe umewezaje miaka yote hiyo?"

Marahaba mdogo wangu. Swali lako la mwisho ndo jepesi kwa hiyo naanza nalo: sijaweza. Hakuna nilichoweza. Mi ni mtoto wa Dar, utotoni nilikuwa nachungulia bendi ya Sunburst miaka ya 70, wale ndo walionitia wazimu wa gitaa lenye makelele, na tangu nianze kulipwa kwa kupiga sikuwahi kuziba sikio hata siku moja mpaka nilipovuka miaka hamsini. Filimbi ya kwanza niliipata kwenye klabu moja dari ya chini, spika zimepangwa nyuma yetu zinatupigia kisogoni, tumepiga mpaka saa tisa usiku. Nimefika nyumbani nimelala nikawa nasikia nyenje. Nikamwamsha mama watoto, nikamwambia kuna nyenje humu ndani mtafute, maskini kashika tochi anainamia chini ya kitanda, anatikisa pazia, anasema mbona mi sisikii kitu. Asubuhi nyenje hayupo. Nikajua nimepona, wiki iliyofuata nikarudi klabu ile ile, sehemu ile ile, spika zile zile. Nyenje akarudi, akaondoka, akarudi, akawa anakaa siku mbili, afu wiki, afu siku moja nikagundua hajaondoka tangu Pasaka.

Na hata hapo sikushtuka, maana nilikuwa nasikia gitaa langu vizuri tu, na mpiga gitaa akisikia gitaa lake anajua dunia iko sawa. Kilichonishtua ni kitu cha kijinga. Mwaka jana tupo jukwaani, nyimbo tunazipanga kwa namba kwenye karatasi, mwimbaji akageuka akaniambia "tisa". Mi nikasikia "sita". Tisa ni wimbo wa taratibu, unaanza na besi na kinanda kwa mbali. Sita unaanza na mimi, ampli (ile mashine ya kukuza sauti ya gitaa) imefunguliwa yote. Basi wenzangu wanaingia kwa adabu na tisa yao mi nimewalipukia na sita, watu chini wanashangilia wanadhani ni staili. Mwimbaji kaniangalia mpaka leo sijasahau yale macho.

Nikaenda kupima ndo nikaelewa. Tisa na sita irabu zake ni zile zile, i na a, na irabu ni sauti nene zenye nguvu, hizo nazisikia. Kinachotofautisha ni hiyo "t" na "s", na hizo ni sauti nyembamba za juu, na sauti nyembamba ndo masikio yangu yamezipoteza. Ile karatasi ya kipimo ina mstari, kwangu mstari unaenda vizuri kama barabara ya lami afu ukifika hezi 4,000 (hezi ndo kipimo cha wembamba wa sauti, namba ikipanda sauti inakuwa nyembamba zaidi) unatumbukia shimoni. Fundi wa kipimo hakuniuliza hata kazi yangu, aliangalia lile shimo akasema mzee wewe ama una mashine ya kusaga ama uko kwenye muziki. Kelele huwa zinaanza kuchimba hapo hapo, kati ya 3,000 na 6,000, ndo alama yake.

Sasa swali la kwanza, ni kawaida? Ni kawaida kama vile ajali za bodaboda zilivyo kawaida. Zinatokea kila siku na hakuna anayekwambia jipongeze umepata yako.

Ndani ya sikio, mbele kule usikofika kidole, kuna kitu kimejikunja kama konokono, humo kuna maji na kuna seli zenye vinywele vidogo mno, kila sikio lina kama elfu kumi na tano hivi. Sauti ikiingia maji yanacheza, vinywele vinalala na kuinuka kama majani ya mpunga upepo ukipita, na kila kikiinama kinatuma habari kwenye ubongo. Upepo wa kawaida mpunga unainuka. Ikija dhoruba unalala chini, ukipewa muda unaweza kuinuka tena, ndo ile filimbi ya usiku mmoja na masikio kuwa kama yamezibwa na pamba baada ya shoo. Dhoruba ikiwa kubwa zaidi au ikija kila wiki shina linavunjika, na seli ikifa haioti tena. Kuku anaota. Wanasayansi waligundua miaka ya 80 kwamba kuku na ndege wengine wakiharibiwa seli hizo zinaota mpya, binadamu hapana. Nilivyosoma hiyo nilimwangalia jogoo wa jirani yangu kwa wivu, anawika saa kumi alfajiri na masikio yake mapya.

Filimbi yenyewe wataalamu wanaiita tinitasi. Hakuna kitu kinacholia kule ndani. Ni ubongo, umezoea kupokea habari za sauti fulani, habari zimepungua, basi unaongeza volyumu kutafuta na kwenye kuongeza huko unasikia mvumo wa mitambo yenyewe, kama vile ukifungua ampli mpaka mwisho bila kuchomeka gitaa, si inakoroma? Ndo hivyo, na ndo maana mara nyingi filimbi inakaa kwenye sauti ile ile uliyopoteza.

Itaondoka? Hapa nisikilize vizuri. Mara nyingi filimbi ya baada ya shoo inaisha ndani ya siku moja au mbili. Wewe uko siku ya tano na ni upande mmoja zaidi, upande wa drams. Inaweza bado kuondoka, wapo wanaokaa wiki mbili ikaisha, ila usisubiri ukiwa umekaa. Fanya hivi leo hii: sugua vidole vyako viwili karibu na sikio la kulia, afu la kushoto. Afu weka simu sikio moja moja msikilize mtu yule yule. Ukiona la kushoto limeshuka sana, sauti inakuja kama ya mtu aliye ndani ya pipa, au linaambatana na kizunguzungu, hiyo sio ya kesho, hiyo unaamka unaenda hospitali leo. Usikivu ukishuka ghafla upande mmoja kuna dawa za steroidi ambazo daktari anaweza kukupa, na zinasaidia zaidi zikianza mapema, siku za mwanzo, baada ya wiki kadhaa zinakuwa kama kufunga mlango ng'ombe ameshatoka. Kama hakuna tofauti kubwa bado nenda ukapime wiki hii, usiache. Wewe uko Arusha, KCMC pale Moshi wana idara ya masikio, pua na koo. Wa Dar wana Muhimbili. Waambie unataka kipimo cha usikivu, sio kuangaliwa tu na tochi, maana tochi itaonyesha ngoma ya sikio nzima kabisa na utaambiwa huna tatizo. Ingawa tochi nayo ina kazi yake, wapo watu wamesumbuka miezi kumbe ni nta imejaa.

Afu kuna kitu sijakusikia ukisema, umekunywa dawa gani karibuni? Sisi wa huku tunajua, kwinini ikikukolea masikio yanavuma, bibi zetu walikuwa wanasema dawa imeingia. Aspirini nyingi nayo inavumisha. Sindano za gentamaisini na zile za zamani za kifua kikuu, streptomaisini, zenyewe zinaweza kuua zile seli kabisa, na ukichanganya na kelele ni mbaya zaidi. Sisemi uache dawa, dawa ya malaria unaimaliza, nasema umwambie daktari uko kwenye muziki na masikio yanalia, akiwa na njia nyingine atachagua.

Nyongeza ndogo: ukipima ukaambiwa uko sawa usifanye sherehe. Mwaka 2009 watafiti wa Boston walionyesha kwa panya kwamba kelele zinaweza kukata viunganishi kati ya seli na mshipa wa fahamu wakati kipimo cha kawaida kimesharudi kuwa kizuri kabisa. Kwa binadamu bado wanabishana ukubwa wake, ila mi naona inaelezea wale wanamuziki ambao karatasi inasema safi lakini ukiwaweka kwenye baa yenye watu hawasikii mtu wa meza yao anasema nini.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndo wenzako wamekosea. Chukulia masikio yako yana bando la siku. Kelele zinapimwa kwa desibeli. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini inasema desibeli 85, kama barabara yenye malori mengi, unaruhusiwa masaa 8. Kila ukiongeza desibeli 3 nguvu ya sauti inakuwa mara mbili na muda unakatwa nusu. 88 ni masaa 4. 91 masaa 2. 94 saa moja. 97 nusu saa. 100 ni dakika 15, na stoo yenye drams, ampli mbili na mwimbaji anayepigania kusikika, 100 mnaifikia kabla hamjamaliza kutiuni. Mi niliwahi kupima na simu kwenye chumba chetu, ikaandika 106. Hesabu mwenyewe, dakika hazifiki hata nne. Wimbo mmoja wa redioni. Wewe umepiga masaa matatu, kwa hiyo ulimaliza bando wimbo wa kwanza afu ukaendelea kutumia kwa mkopo, na hii filimbi ndo meseji ya deni.

Zamani walikuwa wanashindana kuwa na kelele. Tarehe 31 Mei 1976 bendi ya The Who walipiga uwanja wa mpira wa Charlton huko London, wakapimwa desibeli 126 mtu akiwa mita 32 kutoka kwenye spika, wakaingia kwenye kitabu cha Guinness kama bendi yenye kelele kuliko zote. Baadaye Guinness wenyewe wakaacha kuandika rekodi hiyo wasije wakawa wanahamasisha watu kuua masikio. Pete Townshend, mpiga gitaa wao, amesumbuka na masikio miaka mingi, na unajua yeye analaumu nini zaidi? Hedifoni za studio. Sio jukwaa. Hiyo ikae kichwani mwako wewe unayerekodi usiku na eafoni zimekandamizwa ili usiamshe watu. Shirika la Afya Duniani linasema eafoni kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa masaa 40 kwa wiki, hiyo ndo posho yote, na mazoezi ya bendi yanakula humo humo.

Brian Johnson, mwimbaji wa bendi ya rock ya AC/DC, mwaka 2016 madaktari walimwambia aache ziara hapo hapo la sivyo atakuwa kiziwi kabisa, Axl Rose, mwimbaji wa Guns N' Roses, ndo akamalizia shoo zake. Mwenyewe aliwahi kusema mbio za magari ndo zilimharibu zaidi, siwezi kumbishia, lakini mtu unasimama mbele ya ukuta wa ampli za Marshall miaka zaidi ya thelathini afu unalaumu gari! Alirudi baadaye kwa msaada wa vifaa vipya vya masikioni, nilifurahi sana, mi huyo mzee nampenda. Mpiga gitaa Eric Clapton naye ana filimbi, amesema mwenyewe. Kwa hiyo wenzako wakisema kila mpiga gitaa anayo, wako karibu na ukweli, ila waulize kama kuna hata mmoja kati ya hao anayeiita ubatizo.

Haya, sasa ufanyeje? Wiki mbili hizi usikanyage mazoezini. Najua mna shoo. Mwambie mwenzako apige, au mpige gitaa kavu, lakini sikio lililolia siku tano ni kidonda, hukitii mchanga.

Ukirudi, rudi na vizibo. Vya sponji, vile vya rangi ya chungwa au njano wanavaa watu wa viwandani, mi vya kwangu vya kwanza nilinunua Kariakoo kwa bei ya soda. Watu wengi wanaviweka vibaya, wanachomeka kama wanaziba chupa ya juisi, nusu iko nje, wanasema havifanyi kazi. Osha mikono. Kiviringishe kwa vidole mpaka kiwe chembamba kama njiti ya kiberiti, pitisha mkono wa upande mwingine juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, hapo tundu linanyooka, chomeka haraka na ukishikilie na kidole ukihesabu mpaka thelathini kikiwa kinavimba ndani. Ukisema neno moja ukasikia sauti yako imeingia kichwani kama unaongea ndani ya mtungi umepatia. Kwenye pakiti wameandika desibeli 30 na kitu, hizo ni za maabara, mtaani ukipata 15 au 20 shukuru, na hata hizo zinakutoa kwenye 100 mpaka 80 na kitu, yaani kutoka dakika 15 mpaka masaa. Pamba na karatasi ya chooni usijidanganye, hazizuii kitu cha maana, unabaki na amani ya moyoni tu.

Ubaya wa sponji unakula sauti za juu kuliko za chini, gitaa linakuwa kama limefunikwa blanketi. Ukipata hela, au ndugu yuko nje anakuja likizo, agiza vile vya wanamuziki, vina kichujio kidogo ndani, vinapunguza juu na chini karibu sawasawa, unasikia muziki ule ule ila umesogea nyuma hatua kadhaa. Wiki ya kwanza utavichukia. Utasema nimekosa hisia, sijui napiga nini, utataka uvivue kwenye solo. Mi nilivivua kwenye solo mara tatu, na solo ndo sehemu yenye kelele kuliko zote, sasa sijui nilikuwa namlinda nani. Wiki ya tatu nikaanza kusikia vitu nilikuwa sivisikii, mpiga besi kumbe alikuwa anakosea kwenye kipande cha katikati cha wimbo mmoja miaka miwili na hakuna aliyejua. Makelele yalikuwa yanamsitiri.

Afu ampli yako. Nina uhakika umeiweka chini, nimekosea? Iko sakafuni, inapigia magoti yako, magoti hayana masikio, husikii, unaongeza, mpiga besi naye hasikii anaongeza, mwimbaji anapiga kelele, na mtu wa mstari wa mbele ambaye kichwa chake kiko usawa wa spika anapasuka. Iinue. Weka juu ya kreti ya soda au kiti, ilaze kidogo iangalie uso wako. Utajisikia kwa volyumu nusu ya ile, nakuapia. Hii moja peke yake imewahi kumaliza ugomvi wa bendi nzima kuliko kikao chochote.

Toka pembeni ya drams. Kinachoua pale sio ngoma kubwa, ni yale masahani ya shaba, sauti yake ni nyembamba na kali na inatua pale pale kwenye lile shimo langu la 4,000, na kwa maelezo yako yalikuwa yanapigia sikio la kushoto moja kwa moja. Sogea mita mbili tatu, kaa mbele kidogo, na msikae sehemu ile ile kila siku. Mpiga drams wenu naye mpe vizibo, maskini yeye hawezi kusogea. Hiyo stoo kama kuta ni za tofali tupu na juu bati, tundikeni mablanketi, magodoro ya zamani, mazulia, kona zote. Haitazuia majirani kulalamika, jirani atalalamika tu, ila itapunguza ile sauti inayogonga ukuta na kuwarudia. Kila dakika arobaini tokeni nje dakika kumi mnywe maji, na hiyo kumi msiitumie kusikiliza nyimbo kwenye simu.

Fundi mitambo akikwambia monita, ile spika ya jukwaani inayotuangalia sisi wapigaji, haiwezi kupunguzwa, mwambie ashushe kila kitu kingine. Huwa mnaomba kuongezewa, mniongeze mimi, mniongeze mimi, mpaka inapiga mluzi. Siku moja ombeni kupunguziwa wenzenu muone uso wake.

Na usiku. Najua usiku ndo unakuumiza kuliko yote, mi nimepita humo, saa nane watu wamelala wewe uko na nyenje wako mnaangaliana. Usilale kwenye kimya kabisa. Washa feni hata kama Arusha kuna baridi, igeuzie ukutani, au redio kwa chini katikati ya stesheni ile inayosema shhh, weka chini kidogo ya filimbi, sio juu yake. Usiizime filimbi, ichanganye. Ubongo una kawaida ya kuacha kusikiliza kitu ambacho hakina habari mpya, kama vile usivyosikia friji lenu, ila ukikaa unaikagua kila dakika imepungua au imeongezeka unaufundisha ubongo kwamba hii ni kitu muhimu. Uchovu na mawazo vinaipandisha. Dawa ya kumeza ya kuiondoa kabisa haipo, atakayekuuzia anakuibia. Kuna namna ya kuongea na mwanasaikolojia inasaidia watu wasiteseke nayo, na wale ambao usikivu umeshuka kifaa cha kusaidia kusikia kinapunguza filimbi pia, mi nimeanza kutumia, kidogo sana, mnaokutana na mimi mtaani mnadhani ni eafoni ya simu. Acheni mdhani hivyo hivyo.

Na tafadhali, mama yako au shangazi akija na mafuta ya moto, maji ya kitunguu saumu au ule mshumaa wa kuweka sikioni, mshukuru kwa heshima zote afu usiruhusu kitu kiingie humo. Seli zilizoumia ziko nyuma ya ngoma ya sikio, ndani ya mfupa, mafuta hayafiki, yanachofanya ni kuunguza ngoma. Pamba za vijiti nazo acha, zinasukuma nta ndani.

Mimi nitarudi, nimeongea na bendi, nitapiga nusu ya shoo, nimekaa kwenye stuli upande wa kinanda, ampli ndogo juu ya kreti, vizibo viwili. Nyimbo hatutaji kwa mdomo tena, mwimbaji anaonyesha kwa vidole, na kwa tisa inabidi aweke maiki chini kwanza.

Wewe kapime. Ukipata ile karatasi ipige picha unitumie, nitakusaidia kuisoma, angalia pale kwenye 4,000 na 6,000 upande wa kushoto. Ila niandikie, usinipigie simu, maana ukiniambia namba kwa simu hatutaelewana.